Wi-Fi imejaa, intaneti hakuna, taa ya LOS nyekundu

MamaSaiba
Wakuu, naomba msaada. Nina saiba hapa Githurai 45, kompyuta tano na printa, zote ziko kwenye ruta moja ya faiba. Tangu asubuhi alama ya Wi-Fi imejaa lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Taa ya PON imezimika, ya LOS inawaka na kuzima kwa rangi nyekundu. Wateja wa huduma za serikali, KRA (kodi) na eCitizen, wamejaa kwenye benchi. Nibonyeze kile kitundu cha kuriseti?

FundiWaya
Dada, kitundu hicho usikiguse! Kitafuta mipangilio yote, na huenda ukalazimika kumngoja fundi hata waya ukipona. Wi-Fi ni kati ya simu na ruta tu. Ingejaa hata faiba ikikatwa kwa mkasi. LOS nyekundu ni kwamba mwanga haufiki kwenye ruta. PON ikitulia kijani, ruta imetambuliwa na mtambo wa kampuni. Kompyuta zako hazina kosa. Fuata ule waya mwembamba kutoka kwenye ruta hadi kisanduku cha ukutani, uone kama umebanwa au umekunjwa kona kali, maana mwanga huvujia hapo. Ukiuchomoa, usichungulie ncha yake. Hutaona kitu, lakini ni leza.

Kijana_Roysambu
Mimi ningezima na kuwasha kwanza. Halafu kompyuta tano hugawanaje laini moja bila majibu kuchanganyika?

FundiWaya
Kuzima na kuwasha hakudhuru, ila hakurudishi mwanga. Ruta huipa kila kompyuta anwani ya ndani, mfano 192.168.1.5, na nje zote huonekana kwa anwani moja. Kila ombi linaandikwa kwenye jedwali kwa namba yake, iitwayo poti, ndipo jibu humrudia mwenyewe.

MamaSaiba
Printa ilikuwa imeukalia waya! Nimeutoa, PON ni kijani, watu wanahudumiwa. Asante sana kaka. Lakini inakatikakatika.

FundiWaya
Afadhali. Sasa fungua ukurasa wa ruta, anwani iko kwenye kibandiko chini yake, utafute nguvu ya mwanga unaopokewa. Kipimo chake ni dBm, na -20 dBm ni nzuri. Ikishuka chini ya -27, huenda waya umeumia. Piga picha namba hiyo, uitume kwa kampuni yako, uwaambie walete waya mpya.