Wanafunzi wa masafa hawafungui masomo Moodle, wahadhiri wenzangu nao hawataki. Nianzie wapi?

Mhadhiri_Chipukizi
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha takwimu kwa wanafunzi wa masafa, wengi walimu na wauguzi walioko kazini wilayani. Idara imenikabidhi kuhamishia kozi Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni. Nimerekodi video, nimepandisha, wanaofungua wachache mno. Wengine wananiambia wazi: "Ticha, tutumie PDF kwenye grupu la WhatsApp." Wahadhiri wakongwe nao wanasema najichosha, mmoja anaamini chuo kikishapata sauti yake hakitamhitaji tena. Inaniuma, maana kwa nesi aliye kijijini njia nyingine ni kuacha kazi aje mjini. Naombeni ushauri.

Nesi_wa_Zamu
Mkuu, nesi mwenyewe ndiye mimi. Teknolojia hatuichukii. Video ya saa nzima inakula mamia ya MB, bando la wiki limeisha hapo. Nikitoka zamu ya usiku nataka kitu cha kusikiliza kwenye daladala. Hesabu zako ziandike kwa mkono kwenye karatasi, hatua kwa hatua, upige picha. Hizo naelewa kuliko slaidi. Ila kinachokatisha tamaa zaidi ni kimya. Niliuliza swali kwenye jukwaa la kozi, mtihani ukapita hajajibu mtu. Nirudi kufanya nini?

Mzee_wa_Chaki
Kijana, usiwaone wenzako wakaidi. Masafa si mageni nchini, Chuo Kikuu Huria kinafundisha hivyo tangu 1994. Tatizo ni kwamba kurekodi na kujibu meseji usiku hakuhesabiwi kwenye mzigo wa kazi. Muombe mkuu wa idara saa hizo ziandikwe, na umiliki wa rekodi uwekwe kimaandishi. Bila hivyo utabaki peke yako.

Fundi_Mitambo
Sauti ya dakika 20 ukiihifadhi kwa kbps 64 (kiwango cha data kwa sekunde) haifiki MB 10. Waelekeze wapakue programu ya Moodle ya simu: somo wanalishusha penye mtandao, wanalisoma hata pasipo na mtandao. Grupu usilivunje, weka matangazo na viungo tu.

Mhadhiri_Chipukizi
Asanteni sana. Dada Nesi, video nazitoa, naanza na sauti na picha za hesabu. Mzee wangu, hizo saa za kujibu maswali niombe kwa wiki au kwa idadi ya wanafunzi?

Mzee_wa_Chaki
Kwa idadi. Darasa la 40 na la 300 hayajibiwi kwa saa zilezile.