Naombeni ushauri: nafundisha wanangu nyumbani kwa bao na matembezi, maigizo nayapata wapi?

Wakuu habari za mchana. Nina watoto wawili, miaka 6 na 4, tupo Dar huku Mwenge. Mkubwa nilimtoa shule muhula uliopita maana kila siku anarudi analia na homuweki kurasa tatu, mtoto wa miaka 6 jamani, basi nakaa nao mwenyewe.

Hesabu tunafanya kwa bao, lile la mashimo 32 na kete 64, mkubwa anagawa kete sawa kwa sawa halafu mdogo anaziiba na mwenzie inabidi atafute ngapi zimepungua hahaa. Juzi nikawapeleka pale Kijiji cha Makumbusho, wakaingia zile nyumba za asili, ya Wahaya ndo iliwamaliza kabisa, kwanini nyasi zimeshuka mpaka chini, mvua inapita wapi, maswali mpaka usiku.

Sasa shida yangu maigizo. Nataka waone watu jukwaani laivu sio katuni za kwenye simu. Najua TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wana tamasha kila mwaka, ila mliowahi kwenda na watoto, wa umri huu wanavumilia kweli? Kuna maonesho ya mchana? Wangu saa mbili usiku wameshalala.

Halafu mkubwa kuandika hataki kabisa, nimlazimishe au nimwache kwanza? Mama mkwe anasema naharibu mtoto, na mimi nimeanza kuogopa.