MJADALA: Nani hasa aliiua East African Airways, na je, turudi kwenye shirika moja?

Wadau, kila Air Tanzania, Kenya Airways au Uganda Airlines ikitangaza hasara, hoja ile ile huibuka: tuungane tena kama zamani, Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa na shirika moja la ndege, East African Airways. Halafu mtu huongeza kwamba la zamani liliuawa na Idi Amin, na kwa kuwa Amin hayupo, kikwazo kimekwisha. Mimi nataka tuungane, tena sana, lakini hapo kwa Amin napinga.

East African Airways ilianza mwaka 1946 na vindege vya Dragon Rapide. Mwaka 1960 ikaingia kwenye jeti kwa Comet 4, na kuanzia 1966 ikapokea Super VC10. Lilikuwa chaguo la akili: injini nne mkiani, zenye nguvu ya kupaa kwenye joto na kwenye uwanja kama wa Nairobi, ulio juu ya mita 1,600. Zilinunuliwa tano na usajili ukagawanywa: mbili Uganda, mbili Tanzania, moja Kenya. Moja iliangukia Addis Ababa Aprili 1972, watu 43 wakafa.

Amin alichangia, sikatai. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971 Nyerere hakukubali kukaa naye meza moja, kwa hiyo marais watatu hawakukutana tena kuamua mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini ndege ziliendelea kuruka miaka sita baada ya hapo! Kilichoua ni hesabu. Safari za London zililipa, za ndani kama Mtwara hazikulipa. Kenya ikalalamika kwamba inawabeba wenzake. Tanzania ikalalamika kwamba makao makuu, karakana na ajira vyote viko Nairobi. Kwa maoni yangu wote walikuwa na hoja, na hakukuwa na mwamuzi. Mwisho wa siku fedha za mauzo zikawa hazifiki makao makuu. Mapema 1977 shirika likasimama. Kenya ikaunda lake Januari, Tanzania Machi, na mpaka wa nchi hizo mbili ukafungwa hadi 1983.

Na zile VC10 nne zilizobaki? Zilirudi Uingereza, jeshi lao la anga likazigeuza za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Za mwisho ziliruka hadi 2013. Ndege zilikuwa nzima, wadau. Mimi hilo linaniuma kuliko yote.

Kwa hiyo kabla ya kuungana tuandikiane: serikali inayotaka safari isiyolipa iilipie yenyewe kutoka bajeti yake, waziwazi. Matengenezo ya ndege kubwa yawe nchi moja, ya ndogo nyingine, mafunzo ya marubani ya tatu. Bila hayo tutavunjika tena, hata marais wawe marafiki wa damu.

Najua nitatajiwa Ethiopian Airlines, nchi moja na shirika moja. Sawa, lakini lile ni la serikali na limeachwa lifanye biashara. Sisi tuna uvumilivu huo?

Anayepinga muungano anijibu hili: Dreamliner ya Dar, Dreamliner ya Nairobi na Airbus ya Entebbe zote zinakwenda Mumbai. Abiria wa kuzijaza zote tatu anatoka wapi?