Naomba ushauri: bima ya kigari cha gofu, Florida

Habari zenu wakuu. Mama amehamia kwetu hapa Florida na tunataka kumnunulia kigari cha gofu cha betri, awe anaenda dukani na kanisani bila kusubiri mtu.

Sheria naielewa hivi: kigari kisichovuka maili 20 kwa saa hakilazimiki kusajiliwa wala kukatiwa bima. Kikiwezeshwa kufika maili 25 kinahesabiwa gari: namba, leseni ya udereva, na bima ya angalau dola 10,000 za matibabu na 10,000 za mali ya watu.

Muuzaji anatusukumia hicho cha mwendo. Mimi naona cha kawaida kinamtosha, ila sheria kutotulazimisha hakutamsaidia mama akimgonga mtoto wa watu, na gharama za hospitali za huku mnazijua. Bima yetu ya nyumba inavitaja vigari hivi, lakini kwa ajali za ndani ya uwanja wa nyumba na kwenye viwanja vya gofu tu. Barabarani hatuna kitu.

Wenye navyo, mmekikatia bima yake peke yake? Abiria akianguka analipiwa? Na mjukuu wa miaka 16 mwenye leseni, lazima jina lake liandikwe kwenye mkataba?