Naomba ushauri: baiskeli ya umeme ya mlimani, nichukue nyepesi au yenye mota kubwa?

MpandaVilima
Wakuu, salaam. Baiskeli ya mlimani ya kawaida naiendesha tangu zamani, ila goti la kulia limeanza kunisumbua kwenye miinuko mirefu. Daktari kasema nisiache, nipunguze mzigo tu. Kwa hiyo nahamia kwenye ya umeme, na hapo ndipo nimekwama.

Kuna nyepesi za kilo 17 hadi 20 hivi, mota ya Nm 50 au 60 (nguvu ya kuzungusha), betri ya wati-saa 360 hadi 430 (kiasi cha umeme inachobeba). Halafu kuna zile za kilo 22 na kuendelea, Nm 85 au zaidi, betri inafika mpaka 800. Mimi nina kilo 82. Wenzangu wote wanatumia za kawaida, na baiskeli nailaza ndani, juu ya ngazi. Nyepesi ndiyo naitamani, lakini naogopa chaji isije ikakata katikati ya mlima. Mnanishauri vipi?

FundiSpoku
Mkuu, Nm ziweke pembeni kwanza, tupige hesabu ya betri maana ndiyo hofu yako.

Wewe na baiskeli mnafika kilo 100. Kupandisha kilo 100 mita 1,000 kwenda juu kunataka wati-saa 272 hivi, msuguano wa tairi bado hatujauhesabu. Ukichangia nusu kwa miguu yako, mota inabakiwa na 136. Mota nayo haigeuzi umeme wote kuwa mwendo, mwingine unaishia kwenye joto, kwa hiyo kwenye betri zitatoka kama 175. Weka udongo laini na mawe, sema 200. Betri ya 360 basi inakupandisha mita 1,800 kwa jumla. Ukiweka nguvu ya juu kabisa na miguu ikawa inasindikiza tu, utapata 1,200 au pungufu.

Safari yako ya kawaida unapanda mita ngapi kwa jumla? Umbali wa kilomita hauna maana sana hapa. Kilomita 40 za tambarare na kilomita 15 za mlima ni vitu viwili tofauti.

KaboniTupu
Hizo nyepesi zenye mota ndogo zimeshapitwa na wakati, tusidanganyane. Mwaka 2024 DJI, wale watengeneza droni, walileta mota ya Avinox, kilo 2.52, Nm 105, na ukibonyeza ile nguvu ya ziada inafika 120. Ukiipata kwenye fremu ya kaboni, baiskeli nzima inacheza kwenye kilo 20. Sasa kwa nini mtu ajinyime?

BiMnyororo
KaboniTupu, una haraka kaka. Aliyeuliza ana goti bovu, hana shindano.

MpandaVilima, nisikilize hapa. Nm inayoandikwa kwenye hizi mota za katikati, zinazokaa pale penye pedali, inapimwa kwenye krenki (mkono wa pedali). Wati zinatokana na Nm mara kasi ya kuzungusha pedali. Chukua mota nyepesi ya Bosch SX ya 2023: Nm 55, na wanasema inafika wati 600. Kweli inafika, ila fanya hesabu uone: kwa Nm 55 unahitaji mizunguko zaidi ya 100 kwa dakika ndipo uzione hizo 600. Ukikanyaga taratibu, mizunguko 50, haiwezi kukupa hata 300. Mota kubwa ya Nm 85 kwa mizunguko hiyo hiyo 50 inaweza kukupa kama 445.

Kwa hiyo mtu mwenye tabia ya kukanyaga gia nzito polepole, mota ndogo inamwachia kazi, na kazi hiyo inaangukia kwenye goti. Mota ndogo ya TQ HPR50, ile iliyoingia na baiskeli ya Trek Fuel EXe mwaka 2022, kilele chake ni wati 300 na inakifikia karibu na mizunguko 57, kwa hiyo haikulazimishi kukimbiza miguu. Tena ni kimya, unasikia tairi na mawe tu. (Mimi kelele za mota zinanikera kuliko uzito, ila hilo ni langu.)

Swali langu: wewe ukipanda, unazungusha upesi kwa gia nyepesi au unasukuma gia nzito?

MpandaVilima
Dada, nasukuma nzito, na sijawahi kuliwaza hilo. Kuhusu mita, siku nyingi ni 700 au 800. Elfu na kitu ni mara chache.

BiMnyororo
Basi betri siyo tatizo lako kabisa. Anza leo, kwenye hiyo hiyo ya kawaida, kushusha gia mbili kabla ya mwinuko, uzungushe mizunguko 75 hadi 85 kwa dakika. Goti likitulia, nyepesi inakutosha. Ukishindwa kuacha tabia, nunua mota kubwa bila kuona haya.

FundiSpoku
Naongezea. Sheria za Ulaya zinakata msaada wa mota kwenye kilomita 25 kwa saa, na wati 250 zinazoruhusiwa kwa mota ni za muda wote, siyo za kilele. Ukivuka 25 unabaki na miguu yako na uzito wa chuma. Kwa kuwa unatembea na wenye baiskeli za kawaida, kwenye tambarare utakuwa juu ya 25 mara nyingi, na hapo kilo tano za ziada utazijua. Marekani, baiskeli za umeme za daraja la kwanza zinakata kwenye 32, hivyo angalia sheria ya mahali unapoendeshea.

MzeeWaBreki
Mmezungumza yote mkasahau ngazi. Kabla hujalipa, inyanyue begani, panda nayo ngazi mpaka juu, shuka, panda tena. Kilo 24 zenye tope siyo kilo 24 za dukani.

KaboniTupu
Hapo kwenye ngazi sina ubishi.

MpandaVilima
Asanteni sana. La mwisho: hizi betri za nyongeza zenye umbo la chupa, naweza kupanda nazo ndege?

FundiSpoku
Baadhi zimetengenezwa wati-saa 160, na ukomo wa ndege za abiria ni hapo hapo. Kuanzia 100 hadi 160 unaomba kibali cha shirika la ndege kabla, na unaibeba mkononi, haiingii kwenye mzigo wa chini. Betri ya nyongeza ya Bosch, PowerMore, ni 250, hiyo wataikataa. Betri kubwa ya ndani ya fremu nayo ibaki nyumbani, ikiwa na chaji kama nusu, siyo imejaa.