Samaki wa maji baridi, samaki wa baharini na papa: nani ana kazi ngumu zaidi ya kulinda chumvi na maji mwilini?

Mkia Mwekundu: Wenzangu, damu ya samaki wengi wenye mifupa, wawe wa mtoni au wa baharini, ina chumvi inayokaribia theluthi moja tu ya ile ya bahari, ambayo kwa kawaida ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji. Je, ni yupi kati yao anayetaabika zaidi? Na papa nimweke upande gani?

Matamvua: Mimi namhurumia wa maji baridi. Damu yake ina chumvi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humwingia mchana na usiku kwa osmosisi, yaani maji kupenya utando kuelekea penye chumvi zaidi, hasa kupitia matamvua, ambayo utando wake ni mwembamba ili oksijeni ipite, na chumvi nayo humponyoka papo hapo. Ndiyo maana hanywi maji ila kidogo sana, hukojoa mkojo mwingi ulio mwepesi, na seli maalumu za matamvua huokota sodiamu na kloridi kutoka kwenye maji ambamo zimo kwa uhaba.

Kina Kirefu: Nakuelewa, Matamvua, lakini wa baharini hukabiliwa na kiu akiwa ndani ya maji. Maji humtoka, naye hulazimika kuinywa bahari yenyewe, jambo ambalo Homer Smith alilionyesha mwaka 1930. Utumbo hufyonza chumvi kwanza ndipo maji yafuate. Figo za samaki haziwezi kutengeneza mkojo mzito kuliko damu, kwa hiyo sodiamu na kloridi hutolewa na matamvua, huku figo zikibaki na kazi ya kutoa magnesi na salfeti katika mkojo mchache.

Jino la Tatu: Papa hayuko upande wowote kati ya hizo mbili. Yeye huhifadhi yurea, ile taka inayopatikana kwenye mkojo, katika damu hadi ukolezi wa damu hiyo ulingane na wa bahari au uuzidi kidogo, na maji humwingia polepole bila kuhitaji kuinywa bahari. Yurea nyingi hivyo ingeharibu protini zake, lakini kiambata kingine, trimethilamini oksidi, huzilinda. Chumvi ya ziada hutolewa na tezi iliyo karibu na mwisho wa utumbo. Aliyewahi kumkata papa aliyekaa bila barafu anaijua ile harufu ya amonia inayochoma pua: ni yurea iliyovunjwa na bakteria.

Mkia Mwekundu: Na samoni, anayeishi kote kuwili?

Matamvua: Huyo hubadili matamvua yale yale. Kabla ya kuteremka baharini, seli zake huacha kuokota chumvi na kujiandaa kuitoa, na akirudi mtoni kutaga mayai mpango hugeuzwa. Maandalizi hayo huchukua wiki kadhaa, na samoni mchanga anayetiwa baharini kabla hayajakamilika hudumaa au hufa.