Karatasi moja, majibu mawili: njiti wa wiki 32 apokelewe au asipokelewe?

FizioChumbageni
Wakuu, salaam. Naomba mnikagulie hesabu. Mtoto kazaliwa 27/01/2024, mimba ikiwa na wiki 32. Kapimwa hapa Tanga 12/06/2025. Umri linganifu wa lugha ya kutamka (yaani umri ambao watoto kwa kawaida hupata alama kama zake) umetoka miezi 11. Mwongozo tunaoutumia unasema aliyechelewa asilimia 25 au zaidi kwenye eneo lolote aingizwe kwenye afua za mapema, yaani huduma za kumsaidia angali mdogo. Mimi napata 33.3, mwenzangu anapata 24.8. La pili, alama ghafi (idadi ya vipengele alivyopata, kabla ya kusomwa kwenye jedwali) za misuli midogo: mimi 6, yeye 25. Mtoto alianzia kipengele cha 20, akapata 20 hadi 23, akakosa 24, akapata 25 na 26, akakosa 27 hadi 31. Kanuni ya kipimo ni apate 3 mfululizo za kuanzia, na ukomee akikosa 5 mfululizo, kama ilivyo kwenye kipimo cha makuzi ya watoto cha Bayley, toleo la tatu.

TibaKazi_Raskazone
Mwenzako yuko sahihi kote kuwili.

Umri kwanza. Andika mwaka, mwezi, siku: 2025-6-12 toa 2024-1-27. Siku 12 hazitoshi kutoa 27, kopa mwezi mmoja, nao uhesabu siku 30 daima hata kama ni Februari. 42 toa 27 ni 15; miezi 5 toa 1 ni 4; mwaka 1. Umri halisi ni miezi 16 na siku 15. Sasa urekebishe: wiki 40 toa 32 ni wiki 8, yaani siku 56, yaani mwezi 1 na siku 26. Unabaki na miezi 14 na siku 19. Kwa njiti huu ndio umri wa kutumia mpaka afikishe miezi 24.

Njia ya kujihakiki: hesabu kuanzia tarehe ya matarajio. Kwa mtoto huyu ni 23/03/2024. Kutoka hapo hadi siku ya kupimwa unapata miezi 14 na siku 19 ileile. Zikipishana zaidi ya siku moja au mbili, rudi ukague.

Asilimia ni umri toa 11, gawanya kwa umri huohuo: kwa miezi 16.5 unapata 33.3, kwa 14.63 unapata 24.8. Na kumbuka umri uliorekebishwa hautumiki mwishoni tu. Ndio unaokuonyesha pa kuanzia kwenye kitabu na jedwali la kusoma alama sanifu, yaani zinazomlinganisha na watoto wa umri wake. Ukisahau mwanzo, kosa linakufuata mpaka kwenye ripoti.

Alama ghafi: vipengele 19 vya kabla ya pa kuanzia mtoto anapewa vyote, kwa kuwa 3 za mwanzo kazipata. 19 + 4 + 2 = 25. Wewe umehesabu alichofanya mezani tu. Angekosa hata kimoja kati ya hivyo 3, ungerudi nyuma mpaka pa kuanzia pa umri mdogo zaidi ndipo uendelee.

NesiRCH_Makorora
Hizo wiki 32 zimetoka wapi? Mama akisema "nilijifungua miezi saba", msiandike wiki 28 moja kwa moja. Angalieni kadi ya kliniki ya mama. Na siku zihesabiwe: wiki 32 na siku 4 inapunguza siku 52, si 56. Kwa mtoto aliye mpakani kama huyu, siku chache hizo ndizo zinazoamua.

Mpimaji_Pangani
Hesabu mmeisawazisha, lakini nina wasiwasi na kigezo chenyewe. Umri linganifu ni kipimo dhaifu cha kuamulia. Kipengele kimoja tu kinaweza kuupandisha au kuushusha mwezi mzima: huyu angepata miezi 12 angekuwa amechelewa asilimia 18 tu. Tena asilimia 25 kwa mtoto wa miezi 12 ni miezi 3, kwa wa miezi 32 ni miezi 8. Si uzito mmoja.

Tumieni alama sanifu, wastani 100 na mkengeuko (kipimo cha alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) 15. Mikengeuko 2 chini ni 70, karibu watoto 2 kati ya 100, mkengeuko 1.5 ni 77.5, karibu 7 kati ya 100. Nayo isisomwe kama namba moja. Kipimo chenye uthabiti wa 0.90 kina kosa la kawaida la kama alama 4.7, kwa hiyo 74 kwa uhakika wa asilimia 95 ni baina ya 65 na 83. Hapo wigo huo umepita juu na chini ya mipaka yote miwili, 70 na 77.5.

Asilimia 25 ni ya baadhi ya majimbo ya Marekani. Kila jimbo lina mpaka wake. Hukohuko sheria inaruhusu maoni ya kitaalamu yampokee mtoto ambaye alama hazikumfikisha, ila hayaruhusiwi kumtoa aliyefikishwa na alama. Msinukuu mpaka mkaacha kifungu hicho, maana ndicho kinachomlinda mtoto wa 24.8.

FizioChumbageni
Nashukuru sana, nimerekebisha fomu. Na kipengele cha kupanda ngazi, kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna ngazi?

Mpimaji_Pangani
Kwenye kipimo sanifu ni 0. Usimpe kwa huruma, kwani jedwali lilitengenezwa kwa 0 za namna hiyohiyo. Andika pembeni "hajawahi kukutana na ngazi", umjaribu siku nyingine kwenye kizingiti au baraza, uripoti kama maelezo. Kwenye ASQ, hojaji ya makuzi inayojazwa na mzazi, ni tofauti: kipengele kisichojaribika huachwa wazi, visizidi 2 kwa eneo, kisha unajaza wastani. Vitano kati ya 6 vimeleta 40, wastani ni 8, jumla 48. Lakini ASQ ni ya kuchuja. Haitoshi peke yake kuamua.

Jedwali la ugenini linawaonea watoto wetu. Mpitishieni pia kipimo cha karibu: MDAT, kipimo cha makuzi cha Malawi, vipengele 136, 34 kwa kila eneo kati ya manne, au Kilifi Developmental Inventory ya Kenya, ya miezi 6 hadi 35, ingawa hiyo haigusi lugha. Na kwa kuwa shida ni ya kutamka, mhesabieni maneno ya lugha zote za nyumbani. Anayesema "madzi" ya Kidigo amesema neno.

TibaKazi_Raskazone
Kwenye ripoti andika umri wote miwili, na useme wazi ni upi umesomea jedwali.